Mkeka wa Mwenye Risasi

Jua likikaribia kuzama, wanawake wa mtaa wa Bulla Qansah hufukiza vibuyu vya maziwa. Mtu huchukua kijinga cha moto, kijiti tu cha mti mkavu chenye kaa jekundu kwenye ncha, akakisokomeza ndani ya kibuyu, akaziba mdomo kwa kiganja ili moshi uume vizuri. Kibuyu kisichofukizwa huchachusha maziwa kabla ya adhuhuri. Kilichofukizwa huyaweka matamu hata yakienda Garissa mjini juu ya punda mvivu na kurudi bila kuuzwa. Na kijinga kikianza kufifia, hakuna haja ya kukipuliza mpaka macho yatoke. Unasimama mlangoni, unakizungusha hewani kama mtu anayefukuza nzi wakubwa, na kaa linafufuka. Jambo hilo mtoto analijua kabla hajajua kufunga kikoi. Ngamia wanalijua.

Waliokuwa hawalijui ni askari wa kambini.

Kambi ilikuwa ng'ambo ya barabara ya Masalani, juu ya lundo la changarawe lililoachwa na watengeneza barabara waliokuja, wakachimba, wakaenda zao bila kutengeneza. Askari walitoka bara. Mtu wa Garissa akivuka daraja la Tana kwenda huko husema anakwenda Kenya, na anaporudi husema ametoka Kenya, wala hakuna anayemsahihisha, kwa sababu hata Kenya yenyewe imekuwa ikisema hivyohivyo kwa vitendo tangu ipate bendera. Askari wale walinunua maziwa ya Bulla kila asubuhi na kuyasifu. Jioni walikaa nyuma ya magunia ya mchanga na kuiogopa Bulla hiyohiyo iliyowanywesha.

Jioni moja ya mwaka wa tisini na tatu, Ramlo alitoka mlangoni kwa mama yake Jawahir akiwa na kibuyu kikubwa chenye kamba ya buluu mkono mmoja na kijinga mkono wa pili. Ramlo alikuwa amefika umri wa kuposwa, na ulimi wa kukataa alikuwa nao tangu zamani. Kijinga kikafifia. Akakizungusha.

Kutoka kambini zikaja risasi.

Zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake hazikuonekana, kama kawaida ya risasi. Sufuria ya jirani ilitobolewa, mbuzi mmoja akalala. Lakini katika mkanda wa bunduki kubwa, baada ya risasi chache za kawaida hupangwa moja iliyotiwa dawa kwenye kitako. Dawa hiyo huwaka ikiwa njiani, ikachora mstari mwekundu angani, ili mpigaji aone anapopiga. Waliobuni kitu hicho walikuwa watu wenye akili. Walifikiria macho ya mpigaji. Hawakufikiria kwamba na mpigwaji ana jamaa wenye macho.

Risasi ile ya mkia wa moto ndiyo iliyompata Ramlo kifuani. Alianguka juu ya kibuyu. Jawahir alitoka ndani, akamwita kwa jina, akamwita tena kwa jina la utotoni, kisha akaacha kumwita. Alipoinua kichwa, mstari mwekundu ulikuwa bado hewani. Ulianzia upande wa kambi, ukapita juu ya barabara, ukashuka juu ya njia ya kisimani, ukaishia hatua moja mbele ya mlango wake, kwenye kimo cha kifua cha msichana.

Asubuhi ulikuwapo vilevile.

Ramlo alioshwa, akavikwa sanda, akabebwa. Njia ya makaburini ilikatiza chini ya mstari, mahali ulipokuwa usawa wa paji la uso la mtu mzima, na wachukuzi wa jeneza iliwabidi wainame. Waliinama wakapita. Shehe aliutazama, akasema kwamba Mwenyezi Mungu huandika anapotaka, na kwa wino anaoutaka, akaendelea na dua. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa Bulla walikuwa wamekwisha kuona watu hai wakifungiwa kwenye uwanja wa ndege wakingoja kuulizwa kama ni raia wa nchi waliyozaliwa. Mstari wa moto usiozimika haukuwa jambo la kumfanya mtu amwage uji wake.

Swali lilikuwa ni wa nani.

Kwa watu wa huku, mtu akiuawa, wenye mkono uliomuua huja. Huja wazee wao kabla matanga hayajaanuliwa, wakaketi kwenye mkeka waliotandikiwa, na kabla ya chai, kabla ya habari za mvua na za malisho, mmoja wao husema: "Ni sisi." Mengine yote hufuata, nayo huweza kuchukua miaka na kuvunja urafiki kadhaa. Lakini neno hilo ndilo la kwanza. Neno hilo lisiposemwa, marehemu hajaisha kufa. Amekatizwa tu, kama mtu aliyenyang'anywa tonge mkononi.

Kwa hiyo Jawahir alitandika mkeka. Alichagua ule mzuri, aliousuka mwenyewe kwa ukindu wa mto Tana, aliokuwa amemwekea Ramlo kwa ajili ya arusi. Aliutandika nje, pembeni mwa ncha ya mstari, akaketi kando yake, akaelekeza uso kambini.

Hawakuja.

"Labda hawajui njia," akasema Bishara, jirani yake, yule ambaye sufuria yake ilitobolewa.

"Njia wameichora wenyewe," akasema Jawahir. "Hata kipofu angeifuata kwa joto."

Aliyekuja ni Bwana DO, ofisa wa tarafa. Aliitwa Murithi, mtu wa Meru, mnene kidogo, mwenye kofia ngumu na viatu vilivyong'aa mpaka vikawatia mbuzi wasiwasi. Alikuja na chifu Salah, ambaye alikuwa mtoto wa hapahapa lakini tangu avishwe kofia alikuwa akitembea kama mtu aliyekopeshwa miguu. Nyuma yao walisimama askari wanne. Mmoja wao alikuwa Hesbon, kijana mrefu kutoka Busia, aliyekuwa akija kila asubuhi kuchukua maziwa ya kambi. Siku hiyo alikuwa akitazama buti zake.

Bwana DO hakukaa kwenye mkeka. Alisimama, akatoa pole za serikali, akasema kwamba majambazi, hao shifta, ni adui wa maendeleo na kwamba binti huyu ameuawa na majambazi. Alizungumza kwa muda mrefu. Chifu Salah akatafsiri kwa Kisomali, akasema: "Anasema si wao."

Jawahir akainuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kupimia maziwa, lakini hakikuwahi kumwangusha.

"Bwana DO, hii mstari naona?"

"Ninauona, mama."

"Natoka wapi?"

Bwana DO alikuwa mtu wa kazi. Alichukua fimbo yake na kuufuata mstari hatua kwa hatua, watu wote nyuma yake: njia ya kisimani, ambapo aliinama; barabara, ambapo mstari ulikuwa juu kiasi kwamba lori la ng'ombe lilipita chini yake bila shida; kisha kichaka cha miiba, ukizidi kupanda kuelekea kwenye lundo la changarawe. Hapo, kabla ya kuufikia ukuta wa kambi, mstari ulikatika. Kati ya ncha yake na magunia ya mchanga kulikuwa na hewa tupu, nafasi ya kutosha kuchezea mpira.

Bwana DO aliinyooshea fimbo ile nafasi kama mtu aliyepata pochi yake iliyopotea.

"Mnaona? Mstari unaanzia hapo. Haujagusa kambi. Kutoka hapo mpaka ukutani hakuna kitu. Kwa hiyo risasi hii ilianzia hewani."

Ni kweli kwamba risasi za namna ile haziwaki mara zitokapo mtutuni. Husafiri gizani kidogo kwanza, ili zisimpofushe mpigaji na ili adui asijue alipo. Kwa maneno mengine, zimefundishwa kukana kwao. Jambo hilo Hesbon alilijua, na askari wenzake walilijua, na pengine hata Bwana DO alilijua. Buti zikaendelea kutazamwa.

"Kwa hivyo," akasema Bishara kwa sauti ya kusaidia, "shifta nasimama juu ya hewa?"

Watu wakacheka, kicheko kikavu kama kuni. Bwana DO hakucheka.

"Uchunguzi unaendelea," akasema. "Na kuanzia leo ni marufuku mtu yeyote kuzungusha moto wakati wa jioni. Ni kwa usalama wenu."

Chifu akatafsiri: "Anasema tuliwashtua."

Ikaandikwa huko wanakoandika kwamba Ramlo aliuawa na majambazi wasiojulikana, waliokuwa hewani.

Matanga yakaanuliwa. Jawahir hakuuanua mkeka. Alifagia mavumbi juu yake asubuhi na jioni, na kuku aliyeukanyaga alijuta. Mtu akija kumtembelea, akitaka kuketi hapo, aliambiwa: "Hapo pana wenyewe." Mzee Dagane, mkubwa wa ukoo, alimshauri aukunje, kwa kuwa serikali haina ukoo, haina mjomba wala shangazi, na kitu kisicho na mjomba hakijui kuona haya.

"Adeer Dagane," Jawahir akamjibu kwa heshima ya mtu kwa ami yake, "ngamia aliyepotea, asiyejulikana chapa yake, sisi humfanyaje?"

"Tunamchunga mpaka mwenyewe aje aitaje chapa."

"Basi na mimi nachunga moto wa watu. Mwenyewe akija, auchukue, uzimike, mwanangu alale."

Mzee Dagane akafikiri. Akasema kwamba kwa sheria hilo halina kosa. Na tangu siku hiyo Bulla nzima ikashika hivyo: kwamba mwenye mstari akija akausema kuwa ni wake, mstari utazimika. Hakuna aliyekumbuka tena kama ni shehe aliyelisema au ni Jawahir. Lilikuwa la kweli kwa sababu lilikuwa la haki, na huko Bulla bado walidhani mambo hayo mawili ni ndugu.

Watu wakauzoea mstari. Ulishika uzito mdogo: kanga iliyolowa iliushinda karibu, blanketi ulilitupa chini. Bishara ndiye aliyegundua hayo alipojaribu kuanika nguo juu yake, naye Jawahir akamrushia kanga yake usoni, akamwambia dunia ina kamba nyingi. Lakini watoto wa madrasa aliwaruhusu. Walikuja baada ya magharibi na mbao zao, wakakaa kwa safu chini ya mwanga mwekundu, wakasoma mpaka sauti zikawakauka. Moto wa mstari haukuunguza nguo wala unywele. Uliwasha kijiti tu, ukikigusisha kwa kusudi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Na kwenye njia ya kisimani watu waliinama. Mwanzoni waliinama kwa kukumbuka, baadaye kwa mazoea. Mama mwenye dumu la maji mgongoni, mzee mwenye fimbo, mwanafunzi anayekimbilia kengele, kila mmoja akifika pale alipinda mgongo, akapita, akainuka. Ilikuwa mkabala na kambi. Ukiwa juu ya lundo la changarawe uliona watu siku nzima wakikuinamia.

Tatizo lilikuwa maziwa. Marufuku ya kuzungusha moto ilishikwa, maana askari walikuwa wakitazama. Vijinga vilifia ndani ya vibuyu. Moshi ukawa hafifu, maziwa yakaanza kuchacha njiani, na wanaume wa kambini wakaanza kukimbilia choo kwa zamu, kama wanavyopeana zamu za lindo.

Mvua za masika zilipokwisha, Hesbon alikuja nyumbani kwa Jawahir peke yake, mchana, amevaa shati la kiraia. Alikuwa na kile kibuyu kikubwa chenye kamba ya buluu.

"Mama Ramlo, hujambo?"

"Nafsi yangu iko. Yako?"

"Mama, wananituma. Maziwa siku hizi haina ule moshi. Ilikuwa na utamu fulani, kama ya kuchomwa. Hata nilikuwa naambia watu nyumbani, huku maziwa inanuka moshi mzuri. Siku hizi inaharibika. Mmebadilisha ngamia?"

Jawahir akamtazama. Alikuwa kijana wa sura nzuri, mwenye chunusi moja kidevuni. Kwa miezi mingi alikuwa amekunywa maziwa ya nyumba hii, na kwa miezi mingi hakuwahi kujiuliza moshi unaingiaje kwenye maziwa.

"Nangoja," akasema. Akaingia ndani, akatoka na kijinga chenye kaa, akaketi mbele yake, akakisokomeza ndani ya kibuyu cha kambi. Akaziba mdomo. Moshi ukatoka kati ya vidole vyake. Akakitoa kijinga; kaa lilikuwa limefifia. Akamwonyesha.

"Sasa imekufa. Nafufua namna gani?"

"Unapuliza?"

"Hapana."

Akainuka, akasimama palepale alipokuwa amesimama Ramlo, akakizungusha hewani. Ilikuwa mchana, jua kali, na moto haukuonekana sana. Lakini mkono ulionekana, ukizunguka. Kaa likawa jekundu tena.

Hesbon akapeleka mkono kuvua kofia, kisha akakumbuka kwamba hakuwa amevaa kofia, mkono ukabaki kichwani.

"Tuliambiwa moto ukizunguka ni ishara," akasema. "Ya shifta. Tuliambiwa hivyo."

"Ilikuwa kibuyu yenu. Hii. Ya kamba ya buluu. Yeye nafukiza kibuyu yenu, mkunywe tamu."

Hesbon alikichukua kibuyu, akakiangalia kama kwamba kimeongea. Akataka kuketi, na kilichokuwa karibu ni mkeka.

"Si hapo," akasema Jawahir. "Hapo ni ya mtu nakuja kusema kitu."

Kijana akachuchumaa mchangani. Mstari ulikuwa juu ya bega lake, mwekundu, umetulia. Akasema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba hata kuku hakugeuka:

"Ni mimi."

Jawahir hakuwa amejua kwamba neno hilo likisemwa moyo wake ungeruka namna ile. Akautazama mstari. Haukutikisika.

"Sema na nguvu," akamwambia. "Kaa kwa mkeka. Naita Mzee Dagane, naita chifu, unasema mbele yao. Mimi sitaki damu yako, kijana. Mimi nataka neno."

Hesbon akageuza uso kambini. Juu ya magunia ya mchanga kulikuwa na kichwa cha mtu, na mbele ya kichwa kulikuwa na kitu kilichometa.

"Mama, nikikaa hapo nimeisha. Watanifunga. Mimi niko na mama nyumbani."

"Ramlo pia alikuwa naye."

Hesbon akainuka, akaweka kibuyu chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akaondoka. Alipofika njia ya kisimani aliinama sana kuliko urefu wake ulivyodai, na hakujiinua mpaka barabarani. Kabla ya mwezi kuandama alikuwa amehamishiwa Elwak, mpakani, mahali ambapo hupelekwa askari walevi na askari wenye dhamiri, kwa kuwa serikali haiwatofautishi.

Jioni ya siku ile Jawahir alichukua kibuyu cha kamba ya buluu. Kijinga chake kilipofifia hakukizungusha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kutii sheria. Alikisogeza kwenye ncha ya mstari, pale kwenye kimo cha kifua, akakigusisha. Kikawaka mara moja, chekundu, safi, bila cheche. Akafukiza kibuyu.

Asubuhi maziwa yakaenda kambini. Yakanywewa. Vyoo vikapumzika. Akafanya hivyo na kesho yake, na keshokutwa, na miaka ikapita. Askari walibadilishwa, wakaletwa wengine, na kila walioletwa waliambiwa na waliowapisha: huku kuna jua, kuna nge, kuna maji ya chumvi, lakini maziwa, ndugu yangu, maziwa hayana mfano.

Mwaka wa tisini na saba uchaguzi ulikaribia, na kama ilivyo desturi ya nchi, maendeleo yakaanza kutafutwa. Bulla Qansah haikuwa na bomba, wala zahanati, wala shule yenye paa zima. Ndipo mtu fulani ofisini alipokumbuka kwamba ilikuwa na taa.

Ilitangazwa kwenye baraza kwamba mradi wa Taa ya Usalama ya Bulla Qansah utafunguliwa rasmi. Nguzo ya saruji ikajengwa kando ya njia ya kisimani, ikabandikwa kibao. Utepe ukafungwa. Viti vya plastiki vikashushwa kutoka kwenye lori, na akaja mgeni wa heshima. Alikuwa Murithi yuleyule, lakini alikuwa amepanda cheo na kunenepa kwa kiwango cha cheo hicho. Akapita njia ya kisimani, akaona watu wanavyoinama wakifika pale, mmoja baada ya mwingine, wazee kwa vijana. Akaguswa.

"Watu wa huku," akamwambia chifu Salah, "wana adabu sana siku hizi."

"Sana, mheshimiwa," akasema chifu, akainama, akapita.

Utepe ukakatwa. Mheshimiwa akahutubia. Akasema kuna watu wanazunguka wakisema serikali haijafanya kitu hapa. Akanyoosha mkono kwenye mstari. Akauliza, je, hiki ni nini?

Jawahir akainuka. Alikuwa amezeeka, lakini sauti yake ilikuwa bado ya sokoni.

"Mheshimiwa, mimi nauliza. Zamani wewe nasema hii kitu imeanza kwa hewa. Leo nasema ni ya serikali. Mimi ni mama mzee, nachanganyikiwa. Sema mbele ya wazee: hii moto ni ya nani?"

Mzee Dagane akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Bishara akaacha kutafuna. Watu wote wa Bulla wakauangalia mstari.

Mheshimiwa akatabasamu, maana swali lilikuwa tamu kuliko alivyotarajia.

"Mama, zile zilikuwa siasa za wakati ule. Leo nakwambia wazi, mbele ya wazee wako: moto huu ni wetu. Ni sisi. Ni mkono wa serikali uliotoa mwanga huu pale kambini, mkaona wenyewe, ukauleta moja kwa moja mpaka mlangoni kwako!"

Waliokuja na lori wakapiga makofi. Watu wa Bulla hawakupiga. Neno lilikuwa limesemwa, na mwenye nalo, na kwa kipaza sauti.

Mstari haukuzimika.

Walingoja. Mheshimiwa akadhani wanangoja nyimbo, akaashiria wanafunzi waimbe, wakaimba. Wimbo ukaisha. Mstari ulikuwa pale, mwekundu, umetulia, kama jana, kama mwaka wa tisini na tatu.

"Ametaja chapa," Mzee Dagane akanong'ona. "Mbona ngamia haendi?"

"Ametaja moto," akasema Jawahir. "Hajamtaja mtoto."

Baada ya hotuba mheshimiwa alitaka kumtembelea mama aliyebahatika, mahali taa inapoishia. Akaja na watu wake, akatoa jasho, akaona mkeka mzuri umetandikwa kivulini, na kabla mtu hajasema neno akajibwaga juu yake, viatu na vyote. Wazee waliokuwa nyuma wakasogea, mmoja mmoja, wakaketi mchangani wakimkabili, kama inavyotakiwa. Huenda alikuwa amekuja kulisema. Mtu huweza kuwa na kitambi na bado akawa na neno ndani yake.

Jawahir akaleta kibuyu chenye kamba ya buluu, akammiminia. Mheshimiwa akanywa, akashusha kikombe, akapangusa midomo, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo zito.

Bulla nzima ikakata pumzi.

"Mama," akasema, "haya maziwa! Tangu nikiwa DO sijayasahau. Huu moshi ni wa mti gani?"

Mzee Dagane akainamisha uso. Bishara akatema mate mbali. Jawahir akamtazama mgeni aliyeketi juu ya arusi ya mwanawe, na mdomo wake ukafanya kitu ambacho mtu asiyemjua angekiita tabasamu.

"Mti ni ya kwetu, mheshimiwa," akasema. "Moto ni ya kwenu."

Mheshimiwa akacheka, akasema huo ndio ushirikiano unaotakiwa kati ya wananchi na serikali yao, akaomba kikombe cha pili, na cha tatu, na kibuyu kizima cha kwenda nacho njiani. Kisha wakampandisha garini. Vumbi likafuata magari mpaka barabarani, likapita chini ya mstari, likawa jekundu kidogo, likatua.

Viti vya plastiki vikarudishwa kwenye lori. Watu wakaenda zao, na kwenye njia ya kisimani wakainama.

Jawahir alibaki peke yake. Akauinua mkeka, akaukung'uta kwa nguvu, upande huu na upande ule, mpaka mavumbi ya viatu yakaisha. Akautandika tena palepale. Akafagia ukingo wake, akamfukuza kuku, kisha akachukua kibuyu na kijinga, maana jua lilikuwa linazama na kambi ingetaka maziwa asubuhi.